Je, Fedha Zako Zimezaa Kweli?

Ndugu msomaji, tuanze shambani, maana huko sote twapafahamu.

Jirani yako amevuna magunia kumi ya mahindi katika eka moja. Je, ni mkulima hodari? Usijibu upesi. Huwezi kujua mpaka uulize wengine kijijini wamevuna nini mwaka huo huo. Ikiwa mvua zilikuwa za neema, na eka za wengine zimetoa magunia kumi na tano, basi huyo wa magunia kumi alilala wakati wenzake wanapalilia. Lakini ikiwa jua lilichoma, na wengine wote wamepata magunia manne manne, basi kumi yake ni jasho na akili, nasi tungefanya vema kwenda kumwuliza alifanyaje. Magunia ni yale yale kumi. Kilichobadilika ni mwaka, na mwaka tumeujua kwa kutazama mashamba ya wengine.

Jambo hili kila mkulima analijua bila kufundishwa. Lakini ajabu ni hii: tukifika kwenye fedha tunalisahau. Mtu akiambiwa kwamba fedha zake zimezaa tisa katika mia, hupiga makofi. Akiambiwa zimepungua tano katika mia, hununa na kulaumu. Ni wachache wanaouliza swali la shambani: na wengine je, mwaka huo huo, wamepata nini?

Siku hizi familia nyingi za vijijini zina hisa chache za benki, au vipande katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, au mtoto aliye mjini amewanunulia wazazi kwa simu. Ni jambo jema. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi akipata ujira wa haki na akiweka akiba, anayo haki ya kujipatia mali yake mwenyewe kwa akiba hiyo. Lakini mwenye mali ana kazi moja zaidi, nayo ni kuuliza hesabu. Makala hii ni ya kukusaidia kuiuliza.

BARUA YA FURAHA

Chukua mfano huu. Mzee mmoja aliuza kahawa yake, akaweka kando shilingi 1,000,000, akampa mtu mwenye kazi ya kununua hisa kwa niaba ya wengine. Tumwite mtu huyo wakili. Si wakili wa mahakamani, bali mtunza mali, kama yule wa Injili. Mwaka ulipokwisha ikaja barua: fedha zako sasa ni shilingi 1,090,000. Mzee akaita watu wa nyumbani.

"Mama watoto, tazama! Tumekaa tu, na elfu tisini zimeingia."

Mkewe alikuwa anachambua maharage. Akasikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni vema, Baba watoto, tumshukuru Mungu. Lakini nakumbuka mwaka ule bei ya kahawa ilipopanda. Hata yule jirani aliyeacha mibuni yake ikaliwa na magugu alipata fedha. Je, soko hilo la hisa lenyewe lilipanda kiasi gani?"

Mzee hakuwa na jibu. Jumapili baada ya Misa wakamwuliza mwalimu, naye akatazama habari za soko. Akawaambia kwamba hisa zote za soko lile, zikipimwa kwa pamoja, zilikuwa zimepanda kumi na tano katika mia mwaka ule.

Basi fedha za mzee zilikuwa zimezaa, lakini zimezaa pungufu. Tofauti ya tisa na kumi na tano ni sita, na sita katika mia ya shilingi milioni moja ni shilingi 60,000. Huenda ni sare na viatu vya watoto wawili. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyepiga kelele. Lakini ikiwa mambo yataendelea hivyo miaka kumi, familia itakuwa imekosa kitu kikubwa bila kujua kwamba imekosa.

Kile alichokitazama mwalimu huitwa fahirisi ya soko. Sasa tuone ni kitu gani.

FAHIRISI NI NINI?

Fahirisi ni hesabu moja inayosema hisa nyingi zimekwendaje kwa pamoja. Soko lina makampuni mengi; leo hii imepanda, ile imeshuka, nyingine imesimama. Nani atazikumbuka zote? Basi wataalamu huchukua bei za hisa nyingi, huzijumlisha kwa kanuni moja, wakapata namba moja. Namba ikipanda, soko kwa jumla limepanda. Ikishuka, limeshuka.

Mtu anayekumbukwa sana kwa kazi hiyo ni Charles Dow, mwandishi wa magazeti wa Marekani, aliyezaliwa katika nyumba ya mkulima. Tarehe 26 Mei 1896 alitangaza fahirisi yake ya viwanda huko New York. Alichukua makampuni 12: yalikuwamo ya sukari, ya tumbaku, ya mafuta ya pamba, ya ngozi, ya mpira, ya gesi na mengine. Akajumlisha bei ya hisa moja ya kila kampuni, akagawanya kwa 12. Siku hiyo alipata 40.94. Hesabu ya mtoto wa shule! Lakini tangu siku hiyo mtu wa kawaida aliweza kuuliza, "Soko liko wapi leo?" akapata jibu la neno moja. Fahirisi hiyo ingali ipo, na tangu mwaka 1928 huhesabu makampuni 30. Mwaka 1957 ikaja nyingine ya makampuni 500, nayo huitwa S&P 500. Hii haiyahesabu makampuni sawasawa. Kampuni kubwa ina uzito mkubwa, ndogo ina uzito mdogo.

Nasi Afrika ya Mashariki tunazo zetu. Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, nalo lina fahirisi ya makampuni 20, na tangu 2008 lina nyingine inayohesabu hisa zote. Soko la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa tarehe 15 Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu, ile ya kutengeneza gesi ya oksijeni. Leo lina fahirisi ya makampuni yote yaliyoandikishwa hapo, hata yale ya Kenya, na lina nyingine ya makampuni ya Tanzania peke yake. Namba hizi hutangazwa kila siku ya soko. Si siri ya matajiri.

HESABU YENYEWE

Usiogope hesabu, ndugu msomaji. Ni kugawanya na kuzidisha tu.

Kumbuka kwanza mfano wa talanta. Mtumishi mmoja alipewa talanta tano, akaleta tano nyingine. Wa pili alipewa mbili, akaleta mbili nyingine. Mmoja alileta nyingi kuliko mwenzake, lakini bwana wao aliwasifu sawasawa. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alizidisha alichopewa mara mbili. Yule bwana hakutazama wingi wa faida peke yake. Alitazama faida ikilinganishwa na kilichotolewa. Ndivyo tufanyavyo tunaposema "katika mia".

Tuseme mwanzo wa mwaka fahirisi ilikuwa 2,000, na mwisho wa mwaka ilikuwa 2,300. Imeongezeka 300. Gawanya 300 kwa 2,000, zidisha kwa 100, unapata 15. Soko limepanda kumi na tano katika mia. Sasa fedha za yule mzee: ziliongezeka 90,000. Gawanya kwa 1,000,000, zidisha kwa 100, unapata 9. Weka 9 karibu na 15. Umekwisha kupima.

Lakini kipimo kinaweza kudanganya kikishikwa vibaya, kama vile debe lenye kitako kilichobonyezwa. Basi yapo mambo ya kuangalia.

Kwanza, usihesabu fedha ulizoongeza kuwa ni faida. Tuseme mwaka wa pili mzee aliongeza shilingi 200,000 katikati ya mwaka, na mwisho barua ikasema ana 1,400,000. Asiseme, "Nimepata 310,000!" Zile 1,090,000 za mwanzo na 200,000 alizoongeza ni 1,290,000. Faida ni 110,000 tu. Anayechanganya mambo hayo ni kama mtu anayemimina mahindi katika gunia, kisha akastaajabu kwamba gunia limejaa.

Pili, kumbuka gawio. Makampuni mengi hugawia wenye hisa sehemu ya faida. Tuseme yule mzee alipokea gawio la shilingi 30,000 kwa simu mwezi wa saba, wakanunulia mbolea. Hizo nazo ni mazao ya fedha yake. Ukizihesabu, amepata kumi na mbili katika mia, si tisa. Lakini angalia! Fahirisi nyingi zinazotangazwa huhesabu bei ya hisa tu, wala hazihesabu gawio. Basi ukiongeza gawio upande wako, lazima uliongeze na upande wa soko. Usipoweza, liondoe pande zote mbili. Mizani haina haki ikiwa kiganja cha mtu kimelalia upande mmoja.

Tatu, linganisha vitu vya namna moja. Mwenye hisa za makampuni ya Tanzania tu ajipime kwa fahirisi ya makampuni ya Tanzania. Mwenye hati fungani za serikali, ambazo hutoa riba ya kujulikana na hazipandi na kushuka kama hisa, asijilinganishe na soko la hisa. Na ikiwa mfuko wako umechanganya nusu hisa na nusu hati fungani, basi na kipimo kiwe nusu kwa nusu. Hatumpimi mfuga kuku kwa maziwa.

Nne, kipimo kichaguliwe kabla ya safari, si baada yake. Wakili mjanja hungoja mwaka uishe, kisha hutafuta fahirisi iliyofanya vibaya kuliko yeye, akaileta na kusema, "Mnaona? Nimeshinda!" Mwambie siku ya kwanza, "Bwana, mwisho wa mwaka tutakupima kwa kipimo gani?" Akitaja, andika na tarehe.

Tano, uwe na subira. Mwaka mmoja haumwonyeshi mtu. Tazama miaka mitano, au kumi. Hata mkulima hodari huingiliwa na nguruwe mwitu mwaka mmoja.

FAHIRISI HUMPIMA MKULIMA, HAIPIMI SHAMBA

Hapa pana jambo ambalo hata watu wa mjini hukosea.

Fahirisi ya hisa zote za Nairobi ilianza na 100 mwanzoni mwa mwaka 2008. Mwisho wa mwaka 2023, baada ya miaka kumi na sita, ilikuwa karibu 92. Haikuongezeka, ilikuwa imepungua! Je, waliokaa na hisa miaka yote hiyo hawakupata kitu? La hasha. Makampuni mengine yalitoa gawio mwaka baada ya mwaka, na hilo halimo katika namba ile. Lakini pia unga, sukari na mafuta ya taa vilipanda bei sana katika miaka hiyo, na hilo nalo halimo.

Basi tuseme wakili wako wa Nairobi katika miaka hiyo aliifikisha 100 yako kwenye 105, bila gawio. Amelishinda soko, naye astahili sifa. Lakini wewe ukienda dukani na hizo 105 utarudi na kikapu kidogo kuliko kile ulichokuwa ukijaza kwa 100 mwaka 2008. Wakili alikuwa mkulima mzuri katika shamba lililochoka.

Kwa hiyo maswali ni mawili, wala usiyachanganye. La kwanza: je, wakili wangu amefanya vema katika soko hili? Hapo tumia fahirisi. La pili: je, soko hili lenyewe limenifaa? Hapo linganisha na kupanda kwa bei za vitu, na riba ambayo ungepata katika akiba au hati fungani za serikali. Wakili mbaya hubadilishwa. Shamba baya huhamwa, au hulimwa sehemu tu, na sehemu nyingine ya akiba ikawekwa mahali pengine.

Ujue pia kwamba kampuni moja kubwa inaweza kuikalia fahirisi nzima. Mwaka 2021 thamani ya Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya hisa zote za Nairobi. Ikipanda hiyo, fahirisi hupanda, hata kama makampuni mengine yanalia. Ndiyo sababu wenye busara hutazama na ile ya makampuni 20.

WAKILI GHALI

Sasa utauliza: ikiwa wakili anapimwa kwa soko zima, je, hakuna njia ya kununua soko zima lenyewe? Ipo. Mmarekani mmoja, John Bogle, aliifungua kwa watu wa kawaida mwaka 1976. Alianzisha mfuko usiochagua hisa hata kidogo, bali unaonunua zote za fahirisi ile ya makampuni 500, na kutoza ada ndogo mno. Alitumaini kukusanya dola milioni 150. Akapata milioni 11 na kitu. Watu walimcheka, wakauita mfuko wake upumbavu wa Bogle. Nani, walisema, anataka kuwa wa kawaida tu?

Jibu lilionekana wazi baadaye. Warren Buffett, tajiri wa Omaha, aliwaambia mawakili wakubwa wa New York: chagueni mifuko mnayoiamini kuwa bora, mimi nitachukua mfuko wa fahirisi tu, tungoje miaka kumi, na atakayeshindwa fedha zake ziende kwa wahitaji. Kampuni moja ikakubali, ikachagua makundi matano ya mifuko. Walianza mwaka 2008.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa msiba kwa masoko. Mfuko wa fahirisi ulianguka thelathini na saba katika mia. Makundi yote matano yalianguka kidogo kuliko huo. Bila shaka walicheka. Lakini safari ilikuwa ya miaka kumi. Ilipokwisha mwaka 2017, mfuko wa fahirisi ulikuwa umeongezeka 125.8 katika mia. Kundi bora katika yale matano liliongezeka 87.7. Lile la mwisho liliongezeka 2.8 tu, kwa miaka kumi! Fedha za shindano, zaidi ya dola milioni mbili, zikaenda kwa chama cha kuwasaidia wasichana huko Omaha.

Je, wale mawakili walikuwa wajinga? Hasha, walikuwa wasomi. Lakini walitoza ada kubwa, na juu yao palikuwa na mawakili wengine waliotoza ada ya kuwachagua. Kila mwaka ada ilimega, soko lipande lisipande. Fahirisi haili ugali. Kwa hiyo unapopima, hesabu kile kilichobaki mkononi mwako baada ya ada zote, wala si kile wakili anachosema amekipata kabla hajajilipa.

WAKILI MWIZI

Kipimo hiki kina kazi nyingine, nayo ni kubwa kuliko zote. Mara nyingine humfichua mwizi.

Huko huko New York alikuwapo mtu mwenye heshima kubwa, jina lake Bernard Madoff. Matajiri walimpa fedha zao, na vyama vya hisani vikampa akiba za maskini na wagonjwa. Naye alileta faida kila mwaka, karibu kumi katika mia, taratibu, bila kelele. Watu walimsifu kwa sababu hakuwa na tamaa ya mno.

Mwaka 2000 mtaalamu mmoja wa Boston, Harry Markopolos, aliitazama hesabu hiyo. Madoff alidai kwamba ananunua hisa za makampuni makubwa ya Marekani. Basi Markopolos akaweka faida ya Madoff upande mmoja na fahirisi ya makampuni hayo upande wa pili. Soko lilipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayehema. Faida ya Madoff ilipanda tu, mwezi hata mwezi, ikikosa mara chache mno. Mwaka 2002 soko lilianguka zaidi ya ishirini katika mia, na wateja wa Madoff wakaonyeshwa faida. Markopolos akasema: jambo hili haliwezekani. Mtu hawezi kulima katika kijiji kile kile, chini ya jua lile lile, miaka yote, asipate ukame hata mara moja. Aliwapelekea wasimamizi wa serikali maandishi mara kadhaa tangu mwaka 2000. Hawakumsikiliza.

Desemba 2008 Madoff alikamatwa. Hapakuwa na hisa zozote. Fedha za wageni waliokuja leo zilikuwa zikilipa faida ya wale wa jana. Karatasi alizowapa wateja zilisema wana dola bilioni 64 na zaidi. Zilikuwa karatasi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 150, akafa gerezani mwaka 2021.

Usiseme, ndugu msomaji, kwamba hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliufunga mradi mmoja ambao watu waliambiwa wapande fedha na kuvuna maradufu baada ya miezi michache. Waliouza ng'ombe na kukopa ili wapande hawakuvuna kitu. Na miradi ya namna hiyo haijaisha. Hubadili jina tu, na siku hizi huingia kwa simu.

Basi akija mtu barazani kwako, hata akiwa ni ndugu, hata akiwa ni mtu wa kanisani, akakuambia kwamba fedha zako zitazaa ishirini katika mia kila mwezi, muulize kwa upole: "Ndugu yangu, soko lenyewe limezaa ngapi mwaka mzima?" Ikiwa soko zima, lenye mabenki na viwanda na mameneja wasomi, limezaa kumi na tano kwa mwaka, yeye anatoa wapi ishirini kwa mwezi? Na ukimwona ana faida hata mwaka ambao kila mtu analia, usimpongeze kwanza. Kwanza ogopa.

MEZANI KWENU

Nasema mezani kwenu kwa makusudi. Hesabu ya fedha za familia isiwe siri ya baba peke yake. Mara ngapi baba amefariki, na mjane hajui hata kama hisa zipo! Nunueni daftari moja. Andikeni tarehe na kiasi mlichoweka. Andikeni fahirisi ilikuwa ngapi siku hiyo. Kila gawio likija, liandikeni, hata kama mtalila jioni hiyo hiyo. Mwisho wa mwaka, kaeni wote, mtoto wa sekondari apige hesabu: sisi tumepata ngapi katika mia, soko limepata ngapi, bei za vitu zimepanda ngapi. Ni mistari mitatu tu.

Mkikuta mmebaki nyuma mwaka mmoja, msigombane. Andikeni na mngoje. Mkikuta mmebaki nyuma miaka mitatu au minne mfululizo, nendeni kwa wakili mkamwulize sababu. Asiyependa kuulizwa hesabu hafai kushika mali ya watu. Na mkikuta mmepita mbele ya soko, furahini kwa kiasi. Huenda ni akili, huenda ni bahati, na miaka ndiyo itakayosema.

Mwisho, turudi kwa yule mtumishi wa tatu aliyeifukia talanta yake ardhini. Wengi hufikiri kwamba bwana wake alikasirika kwa sababu hakupata faida kubwa. Sivyo. Bwana alimwambia kwamba angalau angeiweka kwa watoa riba, aipate pamoja na faida yake. Maana yake bwana yule alikuwa na kipimo mkononi, nacho hakikuwa kipimo cha makuu. Alijua kiasi ambacho fedha ile ingezaa bila kazi kubwa, akamwuliza mtumishi: kwa nini wewe umeleta pungufu ya hiki?

Swali hilo ni la haki. Ulizeni vivyo hivyo juu ya fedha zilizotoka katika jasho lenu, bila hasira na bila tamaa. Fedha hizo ni ada za watoto, ni dawa za bibi, ni sadaka ya Jumapili. Si dhambi kutaka kujua zinakwendaje. Mama yule aliyekuwa akichambua maharage alilijua jambo hilo kabla ya mumewe.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na akiba yake.